Je, Wajua? Kuna Nafasi ya Kitufe Chini ya Shift

Je, wajua kwamba kibodi iliyouzwa Marekani ikiwa na vitufe 101 ilitoka kiwandani ikiwa tayari na nafasi ya kitufe cha 102?

Kibodi hiyo ni IBM Model M. Ukiing'oa Shift ya kushoto kwenye toleo la Kimarekani, utakuta chini yake matundu mawili. Moja lina springi inayofanya kazi. La pili limezibwa kwa kipande cha plastiki kinachoizuia Shift hiyo ndefu isiyumbe. Katika Model M za Ulaya, Shift ni fupi, na tundu hilo la pili lina springi yake na kitufe chake, kati ya Shift na Z. Mmarekani hakunyimwa umeme wala waya wa kitufe hicho. Alinyimwa springi, nyundo ndogo na kifuniko.

Model M ilianza kutengenezwa mwaka 1985. Nyingi zilitoka kiwanda cha IBM cha Lexington, Kentucky, na nyingine Greenock, Scotland. Kabla yake, kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na kibodi ya vitufe 83, na PC AT ya mwaka 1984 ilikuwa na 84. Model M ilitenga vitufe vya mishale peke yake, ikapandisha F1 hadi F12 juu kabisa, ikaacha tarakimu upande wa kulia. Mpangilio huo ndio ulio kwenye kibodi kubwa nyingi hadi leo. Kwa kuwa ilibidi iuzwe katika nchi zenye mipangilio tofauti ya herufi, ilikuwa rahisi zaidi kutengeneza bamba moja lenye matundu ya kutosheleza wote, kisha kujaza yale tu ambayo soko fulani liliyahitaji.

Springi inayopinda

Ndani ya kila tundu linalotumika la Model M mna springi iliyosimama juu ya kipande kidogo cha plastiki, ambacho mafundi hukiita nyundo. Ukibonyeza kitufe, springi hujikunja taratibu mpaka ishindwe kuhimili, kisha hupinda ghafla upande mmoja na kugonga ukuta wa tundu. Huo ndio mlio mkali ambao watu huutambua hata wakiwa chumba cha pili. Papo hapo nyundo huinama na kukandamiza utando wa plastiki wenye njia za umeme zilizochorwa juu yake, na herufi huandikwa. Nguvu inayohitajika ni kama uzito wa gramu 65 hadi 70. Kidole huhisi hasa pale springi inapopinda, kwa hiyo mwandishi anajua kitufe kimeshika bila kutazama skrini.

Gridi yenye nafasi za ziada

Kama kila kitufe kingekuwa na waya wake hadi kwenye chipu, kibodi ya vitufe 101 ingehitaji waya zaidi ya mia. Wahandisi walitumia gridi badala yake. Model M ina njia 16 za wima na 8 za mlalo, jumla 24, nazo hukutana mahali 128. Kila kitufe hukaa kwenye makutano yake. Chipu hupitisha umeme kwenye njia moja baada ya nyingine, kama mwalimu anayeita majina darasani, na kitufe kilichobonyezwa huitikia zamu yake inapofika. Mzunguko mzima huisha kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, ndiyo maana hatuhisi kusubiri.

Hesabu hizo zina maana kubwa kwa anayetaka kuongeza kitufe. Makutano ni 128, vitufe ni 101. Yanabaki 27. Makutano ya kitufe cha 102 ni miongoni mwa hayo, na chipu ya Model M inakitambua kitufe hicho hata kwenye kibodi ambayo haikuwahi kuwa nacho.

Gridi ya namna hii ina udhaifu mmoja. Ukibonyeza kwa pamoja vitufe vitatu vilivyo kwenye pembe tatu za mstatili, umeme huzunguka kwa njia ya nyuma, na pembe ya nne huonekana kama imebonyezwa pia. Model M huzuia herufi hiyo ya uongo kwa kukataa baadhi ya mibonyezo ya pamoja. Kibodi nyingi za kimakanika za leo huweka dayodi kwenye kila kitufe. Dayodi hupitisha umeme upande mmoja tu, kwa hiyo njia ya nyuma hufungwa na kila kitufe husomeka peke yake.

Kazi yenyewe

Kukirudisha kitufe cha 102 si suala la kupachika kifuniko tu. Nyundo huingizwa kutoka chini ya bamba la matundu, na bamba hilo limeshikwa kwenye bamba la chuma kwa makumi ya ribiti za plastiki zilizoyeyushwa kiwandani. Ribiti hizo zikikatwa hazirudi. Fundi huchomoa waya, huondoa vifuniko vyote, huzikata ribiti kwa patasi kali, kisha hutoboa kwa keekee nyembamba mahali zilipokuwa. Baada ya hapo hung'oa kile kipande cha kusawazisha, huweka springi na nyundo kutoka kwenye Model M iliyokufa, hurudisha utando na bamba la chuma, na kufunga kila kitu kwa bolti ndogo za milimita 2. Shift ndefu hubadilishwa kwa fupi ya Ulaya, na pembeni yake hukaa kitufe kipya.

Kazi hiyo huchukua saa nyingi, lakini ina faida ya pili. Ribiti za plastiki hukauka na kukatika kwa uzee, na zikikatika nyingi, vitufe huanza kulegea. Bolti huimaliza shida hiyo. Kibodi ya miaka zaidi ya 30 hutoka mezani kwa fundi ikiwa na kitufe cha ziada na ikiwa imara kuliko ilivyoingia.

Kitufe chenyewe hutuma namba yake tu. Ni kompyuta inayoamua namba hiyo iandike nini. Kwenye mpangilio wa Uingereza huandika mkwaju wa nyuma, na kwenye wa Ujerumani huandika alama za ndogo kuliko na kubwa kuliko. Mwandishi wa Kigikuyu au Kikamba, lugha zinazoandikwa kwa ĩ na ũ, anaweza kuutengeneza mpangilio wake ili kitufe hicho kimpe herufi moja kati ya hizo kwa mbonyezo mmoja, badala ya kuiacha alama ya juu kwa sababu kibodi haina pa kuipatia.

Kibodi za leo

Swichi za Cherry MX, zilizobuniwa Ujerumani miaka ya 1980, na nakala zake nyingi ndizo zinazotawala kibodi za kimakanika sasa. Hapa kila kitufe ni swichi kamili inayojitegemea. Hushuka milimita 4, hukaa kwenye tundu la mraba la milimita 14, na kutoka katikati ya kitufe kimoja hadi kingine ni milimita 19.05, yaani robo tatu ya inchi. Anayejua vipimo hivyo anaweza kukata tundu jipya pembeni mwa kibodi yake.

Chukua kibodi ndogo yenye vitufe 61, isiyo na mishale. Ikiwa gridi yake ina njia 5 za mlalo na 14 za wima, makutano ni 70, na 9 hayatumiki. Mishale minne inatosha kabisa humo. Fundi huchunguza kwa mita ya umeme ni makutano yapi yako wazi, huweka swichi nne, hulehemu dayodi moja kwenye kila swichi ikielekea upande uleule kama zile za zamani, kisha huvuta waya mmoja hadi njia ya mlalo na mwingine hadi ya wima. Dayodi ikigeuzwa, kitufe hunyamaza. Kinachobaki ni kuijulisha chipu, na programu huria kama QMK humruhusu mwenye kibodi kuandika upya orodha ya vitufe na kuiingiza ndani ya chipu kwa waya wa USB.

Programu hiyohiyo huwezesha njia isiyohitaji kulehemu, ambayo ni tabaka. Ukishikilia kitufe kimoja, herufi nne ulizochagua hugeuka kuwa mishale. Ukikiachia, zinarudi kuwa herufi. Kibodi ya Kijapani ya Happy Hacking, iliyobuniwa na mwanasayansi wa kompyuta Eiiti Wada na kuuzwa kuanzia mwaka 1996, iliondoa vitufe vingi kwa kutegemea wazo hilo.

Tabaka na ubadilishaji wa kazi za vitufe huokoa pia kibodi kongwe. Kitufe cha Windows kilikuja mwaka 1994 na kibodi ya Microsoft Natural, miaka 9 baada ya Model M. Kati ya Ctrl na Alt za Model M mna plastiki tupu. Wenye kibodi hizo huunganisha kigeuzi kidogo chenye chipu kama ATmega32U4 kati ya kibodi na kompyuta. Kigeuzi hupokea lugha ya zamani, huitafsiri kuwa ya USB, na njiani huikabidhi Caps Lock kazi ya kitufe cha Windows.

Ukitaka kujaribu, anza na tabaka, kwa sababu halivunji kitu. Ukiridhika kwamba kitufe unakihitaji kweli, ndipo ushike keekee. Na utakapokwenda kununua kibodi, uliza mambo mawili kabla ya rangi na taa: je, inafunguka kwa skrubu, na je, programu ya chipu yake inaweza kubadilishwa? Kibodi yenye majibu mawili ya ndiyo itakufaa miaka mingi, hata mahitaji yako yakibadilika.