Paa Linavuja, Mfuko Umekauka: Pesa ya Fundi Utaitoa Wapi?

Mvua ya Aprili imeanza saa nane usiku. Umeamka kuweka sufuria chini ya tone la kwanza na beseni chini ya la pili. Asubuhi fundi anapanda juu, anashuka na kukwambia, "Hii kazi ni elfu ishirini na nne." Simu iko mkononi na mkopo uko karibu sana. Ngoja kidogo.

Kwanza, igawe hiyo bei

Mwambie fundi akuandikie orodha: mabati mangapi, mbao, misumari, na pesa yake ya kazi. Halafu muulize: ni gani haiwezi kungoja? Huenda mabati machache yaliyoliwa na kutu ndiyo yanayoleta shida yote. Tuseme hayo ni Sh9,000. Basi leo unatafuta Sh9,000, si Sh24,000. Rangi na silingi vitangoja jua.

Kama umepanga, ongea na mwenye nyumba kabla hujatoa hata shilingi. Mtumie picha. Akikubali ukate gharama kwenye kodi, aseme hivyo kwa SMS, nawe uihifadhi.

Anza na pesa iliyo karibu

Una chama? Omba mwenzako mbadilishane zamu. Mwenye zamu mwezi huu huenda hana haraka kama wewe, na hiyo pesa haina riba.

Uko kwenye Sacco? Sacco nyingi hukopesha hadi mara 3 ya akiba yako, mradi una wadhamini. Itachukua siku kadhaa, lakini utapewa miezi ya kulipa.

Hustler Fund, iliyozinduliwa Novemba 2022, hutoza riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Mkopo wa kibinafsi hulipwa ndani ya siku 14, na asilimia 5 ya mkopo huenda kwenye akiba yako. Unafaa kwa kiasi kidogo, ukijua pesa inaingia hivi karibuni.

Angalia riba, angalia na muda

Hapa ndipo wengi huteleza. Chukua mfano wa Sh24,000.

- Mkopo wa simu wa siku 30 wenye ada ya asilimia 7.5: ada ni Sh1,800. Siku ya 30 unadaiwa Sh25,800 zote.
- Mkopo wa Sacco wa miezi 12, asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua: mwezi wa kwanza unalipa Sh2,240, na kila mwezi kiasi hicho kinashuka. Riba ya mwaka mzima ni Sh1,560.

Yaani, mwezi mmoja wa mkopo wa kwanza unakugharimu kuliko mwaka mzima wa wa pili. Mkopo wa simu una kazi yake: ukipungukiwa na Sh2,000 na mshahara ni Ijumaa, utakuokoa. Lakini usijengee paa zima. Ukishindwa kulipa, utakopa kwingine kulipa huu, na jina lako linaweza kufika CRB.

Usilipe ili ukopeshwe

Ukipata ujumbe unaosema, "Mkopo wako umekubaliwa, tuma Sh350 za usajili," hiyo ni kamba. Usitume pesa, na usimpe mtu yeyote PIN yako. Kabla ya kutumia programu ya mikopo usiyoijua, angalia kama iko kwenye orodha ya wakopeshaji wa kidijitali walioidhinishwa na Benki Kuu ya Kenya.

Pesa ikipatikana, ilinde

Lipia mabati moja kwa moja kwenye till ya duka, usimpe fundi pesa ya vifaa. Yeye mlipe kwa awamu: kidogo akianza, na iliyobaki baada ya mvua moja kupita bila tone. Ujumbe wa malipo ndio risiti yako, usiufute.

Na paa likishakauka, anza kuweka Sh50 kila siku kwenye akaunti ya akiba iliyofungwa. Baada ya miezi 6 utakuwa na kama Sh9,000. Mvua nyingine ikija, fundi utamwita ukiwa na pesa yako mwenyewe.