Betri Mpya, Chaja ya Zamani: Tujue Kikomo cha Volti



Viwanda na mashamba kadha wa kadha yanaacha betri za maji, zile za risasi na asidi, na kuleta betri za lithiamu-chuma-fosfeti. Zinaendesha foklifti, zinawasha taa za ghala na za nyumba za kambi. Ni betri nzuri: nyepesi, na haziongezwi maji. Lakini yuko mwajiri anayenunua betri mpya na kuacha chaja ile ile ya zamani. Betri ikiharibika, anayeulizwa ni mfanyakazi wa zamu aliyechomeka waya. Kwa hiyo tuelewe mambo haya.

Kwanza, hesabu yake. Betri hii ni seli zilizounganishwa kwa kufuatana. Kila seli ina volti 3.2, na wakati wa kuchaji haitakiwi kupita volti 3.65. Betri ya volti 12 ina seli 4, hivyo kikomo chake ni volti 14.6. Ya volti 24 ina seli 8, kikomo volti 29.2. Yenye seli 16 kikomo chake ni volti 58.4. Hapo ndipo mwisho, si mahali pa kukaa. Kwa betri ya volti 12, mafundi wengi huweka chaja kati ya volti 14.0 na 14.4. Betri hujaa vizuri, na seli inayowatangulia wenzake haipiti kikomo. Hata hivyo, neno la mwisho ni la karatasi ya kiwanda kilichotengeneza betri hiyo.

Pili, hatari ya chaja ya zamani. Chaja nyingi za betri za maji zina hatua ya kusawazisha, ambapo volti hupanda kufika 15 na zaidi. Betri ya maji hufaidika. Ya lithiamu huumia: seli huweza kuvimba na kutoa gesi inayowaka, na maisha yake hupungua. Ndani yake imo saketi ya ulinzi inayokata umeme, lakini hiyo ni kinga ya dharura, si ya kutegemewa kila siku. Hatua ya kusawazisha lazima izimwe. Chaja isiyoweza kurekebishwa ibadilishwe.

Tatu, wajibu ni wa nani? Kuweka volti ni kazi ya fundi aliyefunzwa, si ya kila anayepita karibu na swichi. Kamati za matawi zidai karatasi ibandikwe kando ya kila chaja, kwa lugha wanayoisoma wafanyakazi: idadi ya seli, kikomo cha volti, jina la fundi na tarehe. Chaja ipimwe kwa mita mbele ya mjumbe wa wafanyakazi. Pasipo maandishi hayo, lawama itamwangukia mnyonge.

Mwajiri akisema mita, glovu na mafunzo ni gharama, akumbushwe Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981: hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Tangu mwaka 2022 mkataba huo umo katika mikataba ya msingi ya Shirika hilo.

Wajumbe, anzeni wiki hii. Nendeni kwenye chumba cha kuchajia, mtazame kama karatasi ipo. Kama haipo, hilo liwe jambo la kwanza katika mkutano ujao na uongozi.