GEREJI NI YAKO, LAKINI OMBA IDHINI KWANZA

Kiwanja ni chake, hati anayo, na gereji aliijenga kwa fedha zake mwenyewe. Kwa hiyo mwenye nyumba katika mji wa Nakuru au Thika, akitaka kuibomoa gereji hiyo na kujenga iliyo kubwa zaidi, au kuigeuza iwe duka au chumba cha kupangisha, huona ya kuwa hana haja ya kumwuliza mtu ye yote. Fikira hiyo yaweza kumtia katika hasara kubwa.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ihusuyo mipango na matumizi ya ardhi inakataza mtu kuanza ustawishaji wo wote katika kaunti kabla ya kupata idhini ya serikali ya kaunti hiyo. Ustawishaji, kwa maana ya sheria hiyo, ni mambo mawili: kufanya kazi ya ujenzi juu ya ardhi, na kubadili kwa kiasi kikubwa matumizi ya jengo lililopo.

Jambo la pili ndilo lisahauliwalo upesi. Mtu aliyeondoa mlango wa gari, akatia dirisha na meza ya kuuzia, husema hakuongeza hata tofali moja. Ni kweli, lakini banda lililojengwa kwa ajili ya gari sasa limekuwa duka. Wanunuzi watakuja, taka zitaongezeka, na gari lililokuwa likilala ndani litasimama barabarani. Likiwa chumba cha kulala, mambo ni mazito zaidi. Gari halihitaji dirisha, lakini mtu huhitaji hewa, mwanga, choo, na njia ya kutokea moto ukiwaka usiku.

NJIA YA KUOMBA

Kwanza, ramani ichorwe na mtaalamu aliyeandikishwa, ikionyesha jengo lilivyo na litakavyokuwa, na umbali wake kutoka mpaka wa jirani. Kisha maombi hupelekwa kwa serikali ya kaunti pamoja na ada yake. Mwombaji atunze vema stakabadhi yenye tarehe, kwa sababu sheria inasema kwamba asipopata jibu la maandishi katika muda wa siku 60, idhini huhesabiwa kuwa imetolewa. Asiye na uthibitisho wa siku aliyopeleka maombi hataweza kuitetea haki hiyo.

Idhini ikija, huenda ikawa na masharti. Inafaa yasomwe yote kabla fundi hajaitwa. Ikiwa maombi yamekataliwa, mwombaji asikate tamaa, wala asijenge kwa hasira. Anazo siku 14 za kukata rufani mbele ya kamati ya kaunti iliyowekwa kwa kazi hiyo. Asiporidhika na uamuzi wa kamati, aweza kwenda mbele ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

ADHABU

Ajengaye bila idhini aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi 2, au kupewa adhabu zote mbili. Katika sheria ya zamani ya mwaka 1996, faini ilikuwa haizidi shilingi 100,000, ingawa kifungo kiliweza kufika miaka 5. Basi kifungo kimepunguzwa sana, lakini mfuko wa mkosaji unaguswa mara tano kuliko zamani.

Wala faini si mwisho wa hasara. Kaunti yaweza kumpa notisi ya kumwamuru asimamishe kazi na kuirudisha ardhi katika hali yake ya kwanza. Mtumishi aliyestaafu, ambaye ametia kiinua mgongo chake chote katika mawe na saruji, atalipa mara ya pili ili mawe yale yale yaondolewe.

Mara nyingi fundi humwambia mwenye nyumba, “Tuanze tu, karatasi zitafuata.” Ni maneno matamu kwa mtu mwenye haraka. Lakini jioni fundi hupokea ujira wake akaenda zake, na notisi ikija, mlango itakaobandikwa ni wa mwenye nyumba.