Ukikausha Bwawa, Mwakani Utavua Nini?

Wachina si wageni kwetu Nyanda za Juu Kusini. Reli ya TAZARA walitusaidia kuijenga kati ya mwaka 1970 na 1975. Lakini methali zao hatuzijui sana. Leo tunaeleza moja ya uvuvi, maana inagusa mto wetu wa Ruaha.

Methali yenyewe ni fupi: kukausha bwawa ili kuvua samaki. Hadithi yake imo katika kitabu cha Lüshi Chunqiu, kilichoandikwa huko China karibu mwaka 239 kabla ya Kristo.

Mtawala mmoja, Wen wa nchi ya Jin, alikuwa anakwenda kupigana na nchi ya Chu, yenye askari wengi kuliko wake. Mshauri wake wa kwanza alimwambia atumie hila. Akamwuliza wa pili, Yong Ji. Huyu akajibu kwamba mtu akikausha bwawa atapata samaki, hakuna ubishi, ila mwaka ujao samaki hawatakuwapo. Na hila ni hivyo hivyo: ukiitumia leo, kesho hairudiwi.

Wen alitumia hila, akashinda. Siku ya kutoa zawadi akamtanguliza Yong Ji! Watu wakashangaa. Akawaeleza kwamba shauri la kwanza lilifaa kwa siku moja tu, la Yong Ji litafaa vizazi na vizazi.

Hebu angalieni vizuri. Yong Ji hakusema anayekausha bwawa atakosa. Alisema atapata. Hapo ndipo penye ugumu. Anayetia sumu ya utupa kwenye kidimbwi wakati wa kiangazi hurudi na kapu limejaa, na jirani yake anayeshika sheria huenda akalala na njaa. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza sumu na baruti, kwa sababu sumu haichagui: kambale mkubwa hufa pamoja na vifaranga vyake.

Lakini sisi tunaona methali hii inagusa maji kuliko hata samaki. Huko juu Usangu, mito mingi hukusanyika katika tindiga la Ihefu. Mahali maji yanapotokea, paitwapo N'giriama, pana mwamba kama kizingiti cha mlango. Maji yakipanda juu ya mwamba, mto unatiririka. Yakishuka chini yake, basi, hayatoki. Mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulikauka ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na tangu hapo umekuwa ukikauka kiangazi kwa kiangazi. Hakuna mtu aliyekusudia kuukausha. Kila mmoja alifungua mfereji wake tu, apate mpunga wake. Lawama nyingi walitupiwa wafugaji, wakahamishwa na ng'ombe wao kuanzia mwaka 2006. Kumbe hata baada ya wao kuondoka mto uliendelea kukauka, kwa maana mifereji ya kiangazi ilibaki.

Sasa mtu wa Ruaha Mbuyuni atasema: hayo ni ya Usangu, mbona hapa maji yapo? Yapo kwa sababu ya Bwawa la Mtera. Bwawa lile hutunza maji ya masika, na kiangazi yanafunguliwa yaende kuzungusha mitambo ya umeme ya Kidatu, yenye uwezo wa megawati 204. Yanapopita hapa, ndipo tunamwagilia vitunguu na nyanya. Kwa hiyo kwa Usangu sisi ni watu wa chini, lakini kwa Kidatu na Rufiji sisi ndio watu wa juu. Mashine moja ya kusukuma maji si kitu. Na mfereji mmoja kule Usangu haukuwa kitu.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka anayechukua maji ya mto kwa kilimo cha umwagiliaji awe na kibali. Kwa bonde letu, shughuli hiyo iko kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye ofisi Iringa. Wakulima wa mfereji mmoja wanaweza pia kuunda jumuiya ya watumia maji na kupangiana zamu. Zamu zikishapangwa, ziandikwe kwa herufi kubwa na kubandikwa penye mkutano wa kijiji, ili kila mtu aisome siku yake mwenyewe, na ya jirani yake pia.