Je, Wajua? Mbele ya Skrini, Macho Husahau Kupepesa

Kwa kawaida mtu hupepesa macho mara 15 hivi kwa dakika. Akikodolea simu au kompyuta, idadi hiyo hushuka hadi nusu, hata chini ya hapo. Kila kope zikifumba hutandaza machozi juu ya jicho. Zikikawia, jicho hukauka, huwasha na kuona ukungu.

• Misuli inayorekebisha lenzi ya jicho hukaza tunapotazama karibu na hulegea tunapotazama mbali. Ndiyo maana wataalamu wa macho hushauri hivi: kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20.

• Mwanga wa skrini, hasa ule wa buluu, huchelewesha melatonini, homoni inayouarifu mwili kwamba usiku umeingia. Ukiperuzi simu kitandani, usingizi nao hukawia.

• Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa chini ya mwaka 1 asiwekwe mbele ya skrini kabisa. Wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku, na ikipungua ni heri zaidi.

• Watoto wanaocheza nje mchana wana nafasi ndogo ya kupata tatizo la kutoona mbali. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2010 Taiwan huhimiza shule za msingi ziwatoe wanafunzi nje kwa dakika 120 kila siku.