Malai, Nyumbu na Barabara Namba 12

Kabla ya lami, malai ya Boulder yalisafiri mgongoni mwa nyumbu, wale wanaozaliwa na punda na farasi. Wafugaji wa kijiji hicho cha kusini mwa Utah, Marekani, waliyajaza kwenye madebe, wakayafunga pande zote mbili za mnyama, wakashika njia ya mawe kwenda mji wa Escalante. Jua likiwaka sana malai yalichachuka njiani, gesi ikajaa, vifuniko vikafyatuka. Kazi yote ya mkamuaji ikaishia mchangani.

Barua nazo zilibebwa hivyo hivyo. Mwaka 1933, uchumi ukiwa umeanguka, vijana wa kikosi cha kazi cha Rais Franklin D. Roosevelt walichonga njia ya milimani na kujenga daraja juu ya korongo la kutisha, lakini theluji iliifunga kila majira ya baridi. Njia ya chini, inayopitika mwaka mzima, ilikamilika 1940. Lami ilifika Boulder 1971. Kipande cha kuvuka mlima kuelekea kaskazini kikangoja hadi 1985.

Leo Barabara ya Jimbo Namba 12 ina karibu kilometa 200, nyingi zikiwa ndani ya Kaunti ya Garfield. Panapoitwa Hogback, lami imelala juu ya ukingo mwembamba wa mwamba: kulia bonde, kushoto bonde, na chini kabisa ufito wa kijani wa miti inayofuata kijito. Dereva hapo hageuzi shingo.

Watalii wanaopita hapa kwenda hifadhi ya Bryce Canyon ni wengi kupita kiasi ukilinganisha na wenyeji wa kaunti, ambao sensa ya 2020 iliwahesabu 5,083 tu, katika eneo la zaidi ya kilometa za mraba 13,000. Zaidi ya asilimia 90 ya ardhi hiyo ni ya serikali kuu. Mwaka 1996 Rais Bill Clinton alipotangaza hifadhi ya Grand Staircase-Escalante, inayochukua sehemu ya ardhi hiyo, alifanya hivyo akiwa jimbo jirani la Arizona, na wenyeji wengi waliumia moyoni. Donald Trump aliipunguza 2017, Joe Biden akairudisha 2021.

Mimi naamini majabali yale yalistahili kulindwa. Hata hivyo siisahau Juni 2015, viongozi wa kaunti walipotangaza hali ya dharura. Hapakuwa na moto wala mafuriko. Wanafunzi wa sekondari ya Escalante walikuwa wakipungua mwaka hadi mwaka, kwa kuwa familia changa zilifunga mizigo kufuata kazi kwingine.