Habari Moja, Ajabu Moja, Swali Moja

Karafuu mbichi haina subira. Iliyoshuka mtini leo yataka kutolewa kwenye makonyo leo hii, kesho ikutane na jua. Ukiiacha ilale ndani ya pakacha, inapata moto, inavunda, na rangi yake inapauka hata ukiianika wiki nzima. Ndiyo maana kwetu Mtambwe, ng'ambo ya maji ukitokea mji wa Wete, msimu ukiingia hakuna anayelala mapema. Baada ya sala ya Isha jamvi linatandikwa uani, mapakacha yanamwagwa, na watu wa nyumba tunakaa kulizunguka: mama mkwe wangu, mawifi zangu wawili, watoto, na jirani yeyote atakayepiga hodi.

Kuchambua ni kazi ya viganja. Unashika kishada, unakikandamiza kwenye kiganja cha mkono wa pili, unakizungusha kidogo, na vichwa vinakatika na kudondoka vyenyewe. Konyo linabaki mkononi, unalitupa upande wake, maana nalo lina thamani: kuna kiwanda Wawi, Chake Chake, kinachoyakamua makonyo mafuta. Mlio wa kuchambua ni kama wa mtu anayevunja njiti za kibiriti chumba cha pili. Baada ya nusu saa vidole vimekuwa vyeusi na vinanata, na harufu imekufika kooni. Macho hayana kazi kubwa, na mdomo hauna kazi kabisa. Basi mama mkwe wangu aliupa mdomo kazi yake. Tangu nilipoolewa humu, miaka ishirini na miwili sasa, sharti ni hilo hilo: kila anayekaa jamvini alete habari moja, ajabu moja au swali moja. Asiye na kitu anachambua pishi ya ziada.

Nimekuwa nikiyaandika daftarini kabla ya kulala. Haya ni ya Jumanne iliyopita.

Wa kwanza alikuwa mwanangu wa kiume, yuko kidato cha pili. Habari yake ni ya zamani, lakini huileta kila anapokosa nyingine, na hatumkatizi. "Bibi, ilikuwa tarehe 13 Januari 2025, fainali ya Kombe la Mapinduzi, Zanzibar Heroes na Burkina Faso. Mbili kwa moja!" Mwaka ule kombe lilichezwa na timu za taifa, na likachezwa hapa hapa Pemba, Uwanja wa Gombani. Ami yake alimchukua. Mtoto aliyezoea kusikia makubwa yote yakifanyika Unguja au Dar es Salaam aliona kwa macho yake kombe likinyanyuliwa mwendo wa gari moja tu kutoka kwao. Hilo atalisimulia hadi awe na mvi, na mimi namwombea alisimulie.

Wifi yangu mkubwa alileta tamthilia. Hizi za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili zimeingia Pemba kama mgeni aliyekuja kwa siku tatu akaozwa. Istanbul hatuijui, lakini mama aliyeficha barua ya mwanawe tunamjua, na mkwe anayesemwa jikoni tunamjua, na ndugu wanaogombea shamba kabla maiti haijapoa tunawajua zaidi. Usiku ule ubishi ulikuwa juu ya binti aliyeondoka kwao bila kuaga. Mawifi walimlaumu. Mama mkwe wangu alisikiliza hadi mwisho, akatoa hukumu: "Binti hana kosa. Kakosa aliyeficha barua." Jamvi likanyamaza, tukasonga mbele.

Mdogo wa nyumba, ana miaka tisa, alileta ajabu. "Kuna mnyama yupo Pemba tu, dunia nzima hayupo pengine." Kaka yake akamdokeza jibu: popo. Naam, popo wa Pemba, yule mkubwa anayekula matunda, ambaye mabawa yake yakinyooka yanakaribia mita moja na nusu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki wachache kiasi kwamba wataalamu walihofia watakwisha. Miti ilikatwa, na watu walimwinda kwa kitoweo. Mama mkwe wangu alikula nyama yake alipokuwa msichana na hafichi. Baadaye wanakijiji walianza kuwalinda wenyewe, Kidike ikiwa mfano unaojulikana zaidi, na leo popo wanahesabika kwa maelfu.

Jirani yetu hakufurahi. Embe zake zimetobolewa msimu mzima, naye ana haki ya kununa. Nilimwambia ninachokijua: popo huyo huyo ndiye anayebeba mbegu msituni na kurusha chavua ya maua ya mibuyu usiku sisi tumelala. Alinijibu, "Basi na abebe mbegu, embe aniachie." Niliandika jibu lake neno kwa neno.

Zamu ilipomfikia yeye, jirani alileta karafuu yenyewe, na hapa tulikaa muda mrefu. Alisema karafuu si mti wa kwetu kwa asili. Imetoka visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo, ikaletwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na Seyyid Said akahimiza ipandwe. Mashamba makubwa yalikuwa Unguja kwanza. Halafu Aprili 1872 kikaja kimbunga kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika. Toka hapo Pemba ndiyo imekuwa shamba. Na ajabu aliyoificha mwishoni ni hii: kwa miaka mingi katika karne ya 20, mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Indonesia hiyo hiyo. Waindonesia wanavuta sigara iliyochanganywa tumbaku na karafuu, wanaiita kretek, na miti yao haikutosha, wakawa wananunua karafuu kwa wajukuu wa mti wao. Walipopanda ya kutosha wakapunguza kununua, na bei ikaanguka miaka ya 1980. Mama mkwe wangu aliikumbuka bei ile bila kuambiwa mwaka. "Ndiyo mwaka hatukununua kanga za Sikukuu," alisema.

Naye akaleta yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, enzi za Mzee Aboud Jumbe, Zanzibar ilipata televisheni, tena ya rangi, ilhali Bara ilikaa bila televisheni hadi 1994. Yeye aliiona mara ya kwanza Wete, seti moja mbele ya umati, akiwa amembeba mume wangu mgongoni. Hakumbuki kipindi kilikuwa nini. Anakumbuka kwamba mtangazaji alisema asalaamu alaykum, na umati mzima, wazee kwa watoto, ukamjibu kwa sauti moja. Watoto wangu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu ni adabu hiyo: ukisalimiwa, unaitika.

Swali lilikuwa langu. Niliuliza: ni kitu gani kidogo kuliko ukucha, kimelala Mtambwe zaidi ya miaka mia tisa, na pande zake mbili zina vina kama shairi?

Walijaribu pete, walijaribu shanga, walijaribu hirizi. Jibu ni sarafu. Mtambwe Mkuu iko hapo chini yetu, maji yakijaa ni kisiwa, yakitoka unavuka kwa miguu. Mwaka 1984 watu wa mambo ya kale walifukua pale hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, ndogo ndogo, na chache za dhahabu zilizotoka mbali, hazina ya karne ya 11. Zile za fedha zina maandishi ya Kiarabu: upande mmoja jina la mtawala, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na maneno ya upande huu yanakubaliana kwa kina na ya upande ule.

Mwanangu aliacha kuchambua. Akauliza kama watu wale walikuwa washairi. Hilo siwezi kulijibu, lakini nilimwambia habari za Kamange na Sarahani, malenga wa Pemba hii, waliojibizana kwa mashairi zama za kina babu wa babu zake. Mashairi yao yalikusanywa na Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy, akayahariri Abdilatif Abdalla, yakatoka kitabuni kwa jina la Kale ya Washairi wa Pemba. Kijana akaokota karafuu moja, akaiweka kwenye kiganja cheusi, akaitazama upande mmoja, akaigeuza. "Basi hela yao ilikuwa ndogo hivi?" Nikamwambia, ndogo hivi.

Tulimaliza karibu saa tano za usiku. Karafuu zilijaa majamvi mawili kwa jua la kesho, makonyo yalijaa polo moja, na wifi yangu mdogo, aliyekuja mikono mitupu, alikuwa bado na pishi yake.

Watu huniambia simu zimeua mazungumzo. Kwetu simu inakaa jamvini pamoja nasi. Mwanangu ananyoosha kidole kisicho na utomvu, anatafuta tarehe, anamsomea bibi yake, na bibi anamsahihisha palipobaki. Kinachonitia hofu ni kingine. Mama mkwe wangu haoni vizuri tena, anachambua kwa kupapasa, na mengi aliyonayo hayajaandikwa popote isipokuwa kwenye daftari zangu nne.

Nawe msomaji, uwe Kojani, Kengeja, Micheweni au Muscat, kama una mzee nyumbani, muulize usiku wa leo alikuwa wapi siku alipoona televisheni mara ya kwanza, na alikuwa na nani. Andika jibu lake kama alivyolisema, uweke na tarehe.